Barabara ya Uhuru, Uhuru wa Nani?

Ndugu msomaji, naanza kwa kukiri kosa. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha waandishi chipukizi kinachokutana kila Jumamosi jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja, jijini Dar es Salaam. Tunasomeana hadithi na mashairi, tunabishana, tunakunywa kahawa chungu na kashata, tunaagana. Kazi yangu ni kuandika mahudhurio. Mwezi uliopita, mbele ya jina la mwenzetu mmoja, niliandika mara tatu mfululizo: "Hakufika. Hakuna taarifa." Mara ya nne nikachoka, nikaandika: "Amelegea."

Mwenzetu huyo ni mshairi, na kwa maoni yangu ndiye mkali wetu. Anaishi Buguruni. Anatembea kwa magongo mawili tangu utotoni. Hilo la magongo nilikuwa nalijua, lakini nilikuwa nalijua kama vile mtu anavyojua kwamba rafiki yake hali nyama ya mbuzi. Halikuwa na uzito kichwani mwangu.

Jumapili nikamfuata kwao, nikamsema. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Katibu, Jumamosi njoo hapa saa nne asubuhi, twende wote kikaoni. Kwa miguu. Tukifika huko, andika unachotaka."

"Kwa nini usipande daladala?" nikauliza.

Akacheka. "Daladala gani inamsubiri mtu wa magongo? Konda akiniona anagonga bodi, gari hilo linaondoka. Na bajaji inataka hela. Wewe unalijua shairi gani lililowahi kulipa nauli?"

Nikaenda. Nilibeba daftari la mahudhurio na kalamu, na njiani nikajaza kurasa saba. Haya mnayoyasoma yametoka humo. Magongo ni yake, hasira ni yangu.

Kutoka mlangoni kwake hadi barabara ya lami ni hatua kama mia mbili. Katika hatua hizo tulikuta mtaro wa wazi wenye ubao mmoja uliotupwa juu yake uwe daraja. Mimi niliuruka bila kufikiri. Yeye alisimama, akaupima ubao kwa ncha ya gongo, ukapinda. "Huu jana ulikuwa mzima," akasema. Tukazunguka nyuma ya nyumba tatu kutafuta pengine pa kuvukia, na huko tukakuta maji ya choo yametapishwa, yamekaa njiani kama mwenye nyumba. Hapo hatujafika hata barabarani.

Barabarani nikafurahi, maana niliona njia ya waenda kwa miguu, ya matofali, imenyooka. Furaha ilidumu hatua arobaini. Katikati ya njia imesimamishwa nguzo ya umeme. Sisemi pembeni, nasema katikati, kama kwamba fundi alipima kulia na kushoto akahakikisha hakuna pa kupita. Mbele ya nguzo kuna mguu wa bango la tangazo. Mbele ya bango kuna shimo la mtaro ambalo mfuniko wake umekwenda kuuzwa vyuma chakavu, na msamaria mmoja amechomeka humo tawi la mwarobaini ili watu waone. Tawi ndiyo serikali ya shimo hilo. Usiku, umeme ukikatika, serikali hiyo haionekani.

Tukapita mbele ya kituo cha mafuta. Hapo njia imekatwa kabisa, magari yanaingia na kutoka kwa mwendo wa kupaa, na mwenye miguu ndiye anayetakiwa kutazama pande zote nne. Baada ya kituo ikafuata safu ya maduka. Kila mwenye duka ameinua kibaraza chake kwa kimo anachokipenda yeye: huyu kwa futi moja, huyu kwa ngazi mbili, yule kateremsha. Na juu wameweka marumaru zinazong'aa, maana siku hizi duka bila marumaru si duka. Kwa mtu wa magongo marumaru yenye maji ni sabuni. Nilimwona mwenzangu akipanda, akishuka, akipanda, akishuka, jasho linamtoka kisogoni, na kila aliposhuka alishukia barabarani, mgongo wake ukiwa umeelekea kwenye magari.

Kwenye duka moja nikamwomba kijana aliyekaa mlangoni asogeze pikipiki iliyoziba njia. Akanijibu kwa upole kabisa, "Kaka, si mpite huko barabarani? Kwani wengine wanapita wapi?" Hakuwa mkorofi. Hilo ndilo lililonitia hofu. Kwake yeye njia ya waenda kwa miguu ni mahali pa kuweka vitu, na barabara ni mahali pa watu kujaribu bahati.

Mbele kidogo mama mmoja alikuwa amepanga karanga na ubuyu chini, ameziba robo ya njia. Alipomwona mwenzangu akasimama, akavuta beseni lake magotini, akasema, "Samahani mwanangu, pita, pita taratibu." Tukapita. Hatua kumi kutoka kwa mama huyo gari kubwa jeusi lilikuwa limepanda lote juu ya njia, magurudumu manne, mwenyewe yumo ndani anaongea na simu, kiyoyozi kinanguruma. Tukasimama. Akatutazama. Akaendelea kuongea. Tukashuka barabarani.

Naomba mzikumbuke picha hizo mbili, maana kila mjadala wa njia za waenda kwa miguu katika jiji hili unaanza na kuishia kwa yule mama. Mwishoni mwa mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara wakapelekwa kwenye maeneo waliyopangiwa. Tukaambiwa sasa njia zimefunguka, watu watembee. Mimi sikatai kwamba meza ikiziba njia, imeziba. Mwenda kwa miguu aliyebanwa na meza kabanwa kweli. Lakini naliuliza jiji: mbona beseni lenye uwezo wa kusema samahani lilionekana haraka, na nguzo isiyosema kitu haikuonekana? Mbona meza ya mbao ilivunjwa kwa siku moja, na gari lililopanda njia linaombwa taratibu? Katika mtaa wetu, pale palipokuwa na wauza mitumba, hawapiti watu leo. Yameegeshwa magari. Kizuizi hakikuondoka, kimebadilisha tabaka.

Hapa ndipo ninapotaka tubishane, wenzangu, kwa sababu najua majibu mtakayonipa. Nimeyasikia yote kijiweni.

Jibu la kwanza: watembea kwa miguu hawana nidhamu, wanavuka ovyo, madaraja yao wameyakimbia. Haya. Tuzungumzie daraja la waenda kwa miguu. Hilo jina lenyewe ni la uongo. Daraja lile ni la gari. Limejengwa ili gari lisisimame. Mtu aliyekuwa na hatua kumi na tano za kuvuka anaambiwa apande ngazi, atembee angani, ashuke ngazi, mama na mtoto mgongoni na ndoo kichwani, mzee na magoti yake, mwenye kitimwendo na Mungu wake. Yote hayo ili dereva asikanyage breki kwa nusu dakika. Halafu asipopanda anaitwa mkaidi. Pale penye barabara kuu kweli kweli na mteremko mzuri wa kusukumia kitimwendo, sawa, daraja lina kazi yake. Lakini mjini, katikati ya makazi ya watu, mahali pa kuvukia ni chini, na anayetakiwa kupunguza ni yule mwenye injini.

Wala hili si jambo la huruma tu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na inamtaka dereva ampishe mtu aliye kwenye kivuko. Sheria hiyo ina umri wa kuwa babu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani zinaua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Someni tena umri huo. Ni sisi. Zaidi ya nusu ya wanaokufa hawamo ndani ya gari lolote la kuwakinga: ni wenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Shirika hilohilo linasema mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inaongezeka kwa asilimia 4 hivi. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba tatizo ni nidhamu ya mwenda kwa miguu, namwomba kwanza anionyeshe nidhamu ya mguu wa dereva.

Tulipofika kwenye taa kubwa nililiona jambo hilo kwa macho yangu. Pundamilia ilikuwapo zamani. Magurudumu yameilamba hadi imebaki mistari ya kukisia. Taa yetu ikawaka kijani. Mwenzangu akaanza. Hakufika nusu, taa ikageuka, magari yakaanza kunguruma, na yanayokata kona yalikuwa hayakusimama tangu mwanzo. "Oya, mzee, kimbia!" konda mmoja akapiga kelele. Kimbia! Amwambie nani? Nilisimama mbele ya daladala nikainua daftari kama trafiki, nikatukanwa matusi ambayo mhariri hatayachapa, tukavuka. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Yake haikutetemeka. Hapo nikaelewa kwamba mimi nimevuka hivyo mara moja, na yeye kila alipotaka kuja kutusomea shairi.

Jibu la pili: nchi maskini hii, hela hakuna. Hapo nacheka. Daraja la juu la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa mwaka 2018. Daraja la juu la Kijazi pale Ubungo likafuata mwaka 2021. Sina ugomvi nayo. Aliyewahi kuliwa saa mbili za maisha yake Ubungo hawezi kuyatukana. Ninachosema ni kwamba hela ilipotafutwa kwa ajili ya gari ilipatikana, na ilipatikana ya zege la ghorofa. Mfuniko wa mtaro ni shilingi ngapi? Kuhamisha nguzo hatua mbili ni mkopo wa benki gani?

Na wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mfano uko humuhumu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kutembea mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, kandokando yake ziliwekwa njia pana za watu na za baiskeli. Mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa kazi hiyo. Mwenzangu huyu aliwahi kupanda bajaji hadi Magomeni, si kumwona mtu, bali kutembea tu. Alitembea kwenda na kurudi bila kuangalia chini, akarudi kwao. "Siku hiyo," akaniambia, "nilitunga shairi zima njiani. Huku kwetu siwezi kutunga, akili yote iko kwenye ncha ya gongo." Hata huko bodaboda huvamia njia ya miguu, najua. Lakini angalau huko njia ipo ya kuvamiwa.

Mfano wa pili ni mdogo zaidi, na ndio ninaoupenda. Shirika la Amend lilianza na shule za msingi za Dar es Salaam zenye watoto wengi wanaogongwa. Halikujenga ghorofa. Lilitengeneza njia ya miguu hadi getini, likaweka matuta, alama, vizuizi vya kuzuia magari yasipande njia, na mahali pengine geti la shule likahamishwa kutoka barabara kubwa likafunguliwa upande wa uchochoro. Geti! Kazi hiyo ikashinda tuzo kubwa ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Kumbe inawezekana, tena kwa saruji ileile, kwa mafundi walewale. Kinachokosekana ni mtu mkubwa kuona aibu.

Na Barabara ya Uhuru nayo imeingizwa katika awamu ya 3 ya mradi huohuo wa mwendokasi. Ndiyo maana nayasema haya sasa. Basi zuri halikufuati mlangoni. Kila abiria ni mwenda kwa miguu kabla hajapanda na baada ya kushuka. Ukiweka kituo cha kisasa barabarani ukaacha ubao uliopinda juu ya mtaro hatua mia mbili nyuma yake, umejenga kituo cha wenye miguu mizima.

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana linatoka kwa vijana wenzangu: ndiyo maendeleo hayo, mshikaji, komaa, nunua gari. Eti kutembea ni ushamba, ni ufukara, ni hatua ya kupita tu kabla hujatoka.

Jamani! Mswahili ndiye anayeambiwa kutembea ni ushamba? Nendeni Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nendeni Lamu. Ile ndiyo miji ya wazee wetu, vichochoro vimekatwa kwa kipimo cha mtu na punda, kuta ndefu zinatupa kivuli juu ya mpita njia, na kila nyumba ya heshima imeweka baraza nje. Dunia imekubali kuitunza miji hiyo kuwa urithi wa wanadamu wote, Mji Mkongwe mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Baraza ile ilikuwa ya kumketisha anayepita. Kibaraza cha marumaru cha leo ni cha kumteremsha barabarani. Nani mshamba hapo?

Isikilizeni na lugha yenyewe. Mwenda pole hajikwai. Safari ni hatua. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Tembea uone. Mtembezi hula miguu yake. Lugha hii imefinyangwa na watu waliokuwa wakitembea, na hekima yake imekaa nyayoni. Sisi tunajiita waandishi wa lugha hiyo, halafu tunaona haya kuchapa lapa. Na nikutazameni kidogo: methali ya kwanza hapo juu siku hizi si kweli tena. Mwenzangu ni mwenda pole kuliko wote ninaowajua, na alijikwaa mara nne kabla ya Ilala. Tumejenga jiji ambalo limewafanya wahenga kuwa waongo.

Tukaingia Kariakoo. Mnajua jina hilo limetoka wapi? Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waafrika waliosombwa kubeba risasi na chakula cha jeshi vichwani, kwa miguu, porini, na wengi wao hawakurudi. Kambi yao ilikuwa hapo. Mtaa mzima wa biashara, wenye jina kubwa nchini kuliko mtaa wowote, umepewa jina la watu waliotembea hadi kufa. Na leo wapagazi bado wamo Kariakoo, wanabeba marobota, wanasukuma mikokoteni, na bado hawana pa kukanyaga.

Tukafika Mnazi Mmoja. Huo uwanja nao una habari yake. Wakoloni waliligawa jiji: uzunguni kule baharini, uhindini katikati, uswahilini huku Kariakoo na Ilala, Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka kati ya uhindini na uswahilini. Yaani pengo la kututenga. Leo umesimama hapo Mnara wa Uhuru, na sisi tunakaa chini ya miti jirani tunasomeana mashairi ya ukombozi. Wakoloni walitenganisha watu kwa uwanja mtupu. Sisi tunawatenganisha kwa mtaro, nguzo na kibaraza, wala hatuhitaji amri ya gavana.

Tuliondoka saa nne na robo. Tulifika saa saba kasoro. Mimi mwendo huo, kwa miguu yangu, ni saa moja na kidogo. Kikao kilikuwa kimekwisha anza, na mtu mmoja akamwambia mwenzangu, kwa wema tu, "Aa, leo umetukumbuka!" Viganja vyake vilikuwa vimechubuka pale pa kushikia magongo. Akakaa, akanywa maji, akasoma shairi lake. Sitasema lilikuwa zuri kiasi gani, asije akadhani namwonea huruma.

Baadaye tukajadili. Wenzetu wakapendekeza kikao kihamie Buguruni, karibu na kwake. Nia njema kabisa. Akakataa. Akasema, "Msinihamishie kikao. Hamisheni nguzo. Mkinihamishia kikao, na msikiti mtauhamisha? Na Hospitali ya Amana? Na harusi ya dada yangu?"

Hakuna aliyejibu. Tuna sheria, msidhani hatuna. Nchi iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Mwaka 2010 likatungwa neno letu wenyewe, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9. Makaratasi yanatembea vizuri sana nchini mwetu. Hayakutani na mtaro.

Sasa nageuka kwenu, wenzangu wa kalamu, maana wakubwa hawasomi jarida letu. Nimepekua kazi zetu wenyewe, na yangu imo. Mhusika wetu akitaka kwenda mahali, sisi huandika: "Alifika Posta." Alifikaje? Alivuka wapi? Nani alimsukuma? Au tunamweka dirishani mwa daladala atazame jiji likipita kama sinema. Mwenye kutembea katika hadithi zetu ni mwendawazimu, ni kahaba, au ni mtu aliyetoka kijijini juzi na sanduku la bati. Jiji la watu zaidi ya milioni 5.3, kwa sensa ya mwaka 2022, na wengi wao wameanza siku ya leo kwa miguu, sisi waandishi wao tumewarukia kwa neno moja, "alifika." Hiyo si sanaa. Huo ni ubao mbovu juu ya mtaro, na sisi wenye miguu mizima tunauruka bila kutazama.

Napendekeza kazi, tena kazi rahisi. Kila mmoja wetu achukue njia yake moja, ya nyumbani hadi sokoni, au hosteli hadi kituoni, aitembee na daftari. Aandike kila kizuizi: ni nini, kiko upande gani, kimeziba kiasi gani, mtu wa magongo atapitaje, asiyeona mwenye fimbo nyeupe atapitaje, mama mwenye mtoto atapitaje, usiku itakuwaje. Kisha aandike jambo ambalo hatujazoea kuliandika: ni cha nani. Maana nguzo haikuota kama mnazi. Kuna mtu aliichora, mwingine akaisimamisha, mwingine akaipitisha na kutia sahihi. Kibaraza kina mwenyewe. Gari lina namba. Mfuniko ulioibwa una mnunuzi mwenye mizani. Tukishaandika hivyo, tupeleke nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kwa diwani, na tuwasomee kwenye mkutano wa mtaa kwa sauti, kama tunavyosomeana mashairi. Watatucheka mara ya kwanza. Twende mara ya pili.

Mtaniambia kwamba hiyo si kazi ya mwandishi, ni kazi ya mhandisi. La hasha. Mhandisi alikwisha pita hapo na gari lake. Kazi ya kuona kilichozoeleka mpaka hakionekani ni ya nani kama si yetu?

Mimi nimeanza. Nimefungua daftari la mahudhurio, nikakata lile neno langu la aibu kwa mstari mmoja, nikaliacha lisomeke ili nisisahau. Pembeni yake nimeandika: "Hakufika. Njia ilizibwa." Na chini yake nimeorodhesha vilivyoiziba, kuanzia ubao wa Buguruni hadi gari jeusi. Orodha ni ndefu kuliko mahudhurio. Jumamosi ijayo nitaisoma kikaoni. Atakayekuja, aje kwa miguu, na aje na yake.